Kabla hujanitumia dizaini ya lebo, niambie chupa itakaa wapi

Wiki hii nimeipata tena ile meseji. "Kaka dizaini tunayo, tumetengeneza wenyewe kwenye Canva, wewe tuprintie tu, si ni stika tu?" Ni mvinyo wa Dodoma, wa sendofu ya Jumamosi, sura ya bi harusi mtarajiwa imejaa lebo nzima kona hadi kona. Nikauliza ni mwekundu au mweupe, na utakaa kwenye barafu? Kimya. Halafu likaja swali, "kwani inahusu nini?"

Inahusu sana jamani. Nimelieleza hili kwenye simu mpaka sauti imekauka, sasa naandika ili nikiulizwa tena nitume linki.

Mwekundu hauna shida. Chupa inatoka kwenye boksi, inasimama mezani, inafunguliwa, imeisha hiyo, karatasi yoyote nzuri yenye gundi ya maana itafika nayo mwisho wa shughuli. Ila mweupe, rozee na zile za povu zinatoka kwenye friza zinaingia kwenye ndoo ya barafu, na kwa joto la Dar na unyevu wake chupa inatoa jasho kabla mhudumu hajafika mezani. Karatasi ya stika ya steshenari inakunywa yale maji, inavimba, inajikunja, kona zinanyanyuka, na wakati wa keki sura ya bi harusi inaelea kwenye ndoo. Wateja wa Dodoma huniambia "mbona nimejaribu nyumbani imeshika", ndiyo, Dodoma hewa kavu, chupa haitoi jasho kama Dar au Tanga.

"Sasa si utapiga lamineshen?" Hapa ndo ninapochoka kabisa. Lamineshen, ile filamu ya plastiki, inafunika uso wa lebo, haifuniki kingo! Pale kisu kilipopita karatasi imebaki wazi, na maji yanaingia kwa pembeni hapo hapo yanatambaa chini ya ile filamu, halafu filamu yenyewe inaongeza ugumu, lebo inataka kunyooka wakati chupa ni ya mviringo, kwa hiyo kingo zinajivuta zenyewe mpaka ziachie. Yaani umelipa zaidi ili lebo ibanduke mapema. Kinachotakiwa ni karatasi ya lebo za mvinyo, ile iliyotiwa resini ndani nyuzi zisiachane ikilowa, au plastiki nyeupe ya polipropilini ambayo maji hayaifanyi kitu. Na wino nao uangalie, wa printa ya leza unatulia, wa printa ya injeti ya kawaida ya ofisini ukilowa unatiririka.

Mimi mwenyewe kati ya karatasi na plastiki huwa nasitasita mpaka leo. Plastiki inadumu, sibishi, ila ukiishika mkononi ni kama chupa ya shampuu, na mtu aliyetoa hela yake kununua mvinyo anataka kidole kiguse karatasi yenye mparuzo kidogo. Mara nyingi nachagua karatasi halafu nalala na wasiwasi.

Kwa hiyo jaribuni. Bandika lebo moja kwenye chupa kavu isiyo baridi (ya baridi ina unyevu hata kama huuoni), iache mpaka kesho yake maana gundi za stika zinaendelea kushika kwa saa 24 hivi, ndipo uizamishe kwenye maji na barafu masaa mawili. Itoe, sugua kona kwa kidole gumba. Ikinyanyuka usichapishe zingine. Na karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, chana kipande utaona upande mmoja kinachanika mstari ulionyooka na mwingine kinakwenda ovyo, sasa ule ulionyooka usimame wima na chupa ndo lebo itazunguka bila kugoma.

Suala la mviringo nalo hawalioni kwa sababu skrini ni bapa. Chupa ya kawaida ya mililita 750, ile ya mabega kama ya Bordeaux, ina kipenyo cha milimita 75 hivi, mzunguko kama 235. Ukiweka lebo ya upana wa milimita 80, herufi ya ukingoni kabisa kwa mtu aliyekaa mbele inaonekana nusu tu ya upana wake. Halafu mtu ananiletea majina ya maharusi kwenye lebo ya milimita 120! Mgeni anasoma katikati tu. Chupa za mtindo wa Burgundy zina mabega yanayoteremka taratibu, lebo ikipanda pale juu lazima ifanye mikunjo, hakuna fundi wa kuizuia. Château Mouton Rothschild, watengenezaji wa mvinyo wa Ufaransa, wanaweka kazi ya msanii kwenye lebo karibu kila mwaka tangu 1945, hata Picasso yumo, ya 1973, na bado picha inakaa juu, maandishi yana nafasi yake chini. Kama hata picha ya Picasso haikujaza lebo nzima, na sisi tuache nafasi.

Rangi haraka haraka: fanya kwa CMYK (mfumo wa rangi wa kuchapisha), pikseli 300 kwa inchi, picha itume kama dokumenti maana WhatsApp inaibana. Dhahabu ya kuchapisha inatoka kahawia, ukitaka inayong'aa ni foili, ule utando mwembamba wa metali.

Wenye viwanda vidogo vya mvinyo, Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ukiandika mwaka peke yake hujasema ni mavuno yapi. Acheni nafasi ya namba ya bechi, na kama mtaigonga kwa muhuri msiweke lamineshen hapo, wino utafutika.

Na nyie wa sherehe mnaobandika lebo yenu kwenye mvinyo wa dukani, bandueni lebo ya mbele tu. Ya nyuma ina asilimia ya kilevi na jina la mtengenezaji, iacheni, na stempu ya TRA (mamlaka ya mapato) msiiguse kabisa. Ya mbele loweka kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, sio ya moto maana ndani kuna mvinyo. Gundi ikigoma paka mafuta ya kula, subiri, kwangua, kisha futa kwa spiriti mpaka kioo kilie ukikisugua, maana mafuta yakibaki hata lebo yangu nzuri kuliko zote haitashika.