Je, Wajua Kwa Nini Trela ya Boti Iliyotoka Baharini Huendelea Kuoza Hata Ikifika Kisumu?

Mjomba wangu ana boti ndogo ya faiba ambayo huitumia kuwatembeza wageni kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu, kwenda kuona viboko na ndege. Trela ya boti hiyo aliinunua Kilifi kwa bei nafuu, akaivuta barabarani zaidi ya kilomita 800 hadi Kisumu. Ilikuwa na kutu hapa na pale, lakini hakushtuka. Aliipeleka kwa mafundi wa jua kali kule Kibuye, wakaisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, wakaipiga praima nyekundu, kisha rangi ya buluu juu yake. Ikapendeza kweli.

Masika ilipopita, rangi ile ilikuwa imeota malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa na uji wa moto. Nilitoboa lengelenge moja kwa ncha ya bisibisi. Likatoa tone la maji ya rangi ya chai ya mkandaa, na chini yake bisibisi ikazama ndani ya chuma kana kwamba ni biskuti iliyoloa.

"Jaduong', hii trela umeiingiza ziwani mara ngapi?" fundi akamuuliza.

"Mara nne, labda tano. Na maji ya ziwa hayana chumvi, fundi. Wewe mwenyewe umekua ukiyanywa."

Kuhusu ziwa, mjomba alisema kweli. Tena ushahidi ulikuwa karibu: MV Uhuru, meli ya chuma iliyoanza kazi katika Ziwa Victoria miaka ya 1960, ingali inaelea baada ya kukarabatiwa. Basi nini kilichokuwa kinaila trela? Ni chumvi ileile ya Bahari ya Hindi. Ilisafiri na trela kutoka Kilifi, ikafika Kibuye, ikafunikwa kwa rangi ikiwa hai.

Ili kuelewa hilo, tuanze na kutu yenyewe. Chuma kinachoota kutu ni betri ndogo isiyo na waya. Sehemu moja ya chuma inaachia elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme, na kuyeyuka polepole. Sehemu nyingine, pengine milimita chache tu kutoka hapo, oksijeni ya hewani inazipokea elektroni hizo. Elektroni zinapita ndani ya chuma. Lakini ili mzunguko ukamilike, lazima chembe zenye chaji zipite upande wa nje pia, na barabara yao ni maji. Ndiyo maana chuma kikavu hakioti kutu, na chuma kilicholowa huota.

Barabara hizo hazilingani. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha umeme mara mamia kuliko maji ya Ziwa Victoria. Betri ileile iliyokuwa ikisinzia ziwani, baharini inakimbia mbio.

Hata hivyo, hilo peke yake halielezi yaliyotokea Kisumu, maana trela ilikuwa imeshaiacha bahari. Hapa ndipo chumvi inapoonyesha tabia zake nyingine, na kwangu mimi hizi ndizo mtu yeyote anayenunua chombo cha pwani anapaswa kuzijua.

Kwanza, chumvi huvuta maji hewani. Chumvi ya mezani huanza kuloa yenyewe unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari ina pia kloraidi ya magnesi, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa karibu asilimia 33 tu. Sasa fikiria alfajiri ya Kisumu, ukungu ukiwa juu ya ziwa na nyasi zikidondosha umande. Trela imeegeshwa kwenye nchi kavu, hakuna aliyeimwagia maji, na bado kila kishimo chenye chumvi kimelowa. Jua la saa nne linakausha juu juu. Usiku kazi inaanza upya.

Pili, kloraidi iliyomo ndani ya chumvi haiishi. Inachukua chuma, inakivuta ndani ya maji, halafu chuma hicho kikikutana na oksijeni kinageuka kutu na kloraidi inaachwa huru. Inarudi kuchukua kingine. Kila mzunguko unaacha tindikali kidogo chini ya kishimo, nayo inaharakisha mzunguko unaofuata. Ndiyo maana kutu ya pwani haitambai juu ya chuma tu kama ile ya jembe lililosahauliwa shambani. Inachimba mashimo membamba kwenda chini, na kloraidi inajificha kwenye vitako vya mashimo hayo, chini ya gamba la kutu, mahali ambapo brashi ya waya haifiki. Ukipitisha brashi juu yake, kilele cha shimo kinang'aa na kitako kinabaki kilivyokuwa.

Tatu ni yale malengelenge. Umeshawahi kukata nyanya na vitunguu vya kachumbari, ukanyunyiza chumvi, ukarudi baada ya dakika kumi ukakuta bakuli lina maji? Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani ya nyanya kupitia ngozi laini za chembe zake. Rangi ya mafuta ni ngozi ya namna hiyo. Kwa macho inaonekana imeziba kabisa, lakini mvuke wa maji hupenya polepole. Kukiwa na chumvi upande wa pili, maji yanavutwa kuifuata, yanakusanyika, yanaisukuma rangi juu. Lile tone la rangi ya chai lilikuwa maji ya mvua ya Kisumu yaliyoitwa na chumvi ya Kilifi.

Kwa hiyo nasema bila kusita: kupaka rangi trela ya baharini kabla ya kuiosha chumvi ni kuipa kutu nyumba. Afadhali ungeiacha uchi ikapigwa na mvua.

Na kweli mvua husaidia, ila inachagua. Lala chini ya trela yoyote ya pwani uitazame kwa tochi, utaona kuwa upande wa juu una nafuu na tumbo ndilo limeliwa. Mvua huosha juu. Chumvi iliyorushwa chini na magurudumu hakuna wa kuiosha. Tazama pia kati ya majani ya springi, chini ya vichwa vya bolti, na mahali mabomba mawili yameunganishwa kwa welding nusu nusu ukabaki ufa. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ndani ya springi inayasukuma majani yaachane mpaka utadhani mtu amepigilia kabari.

Mahali pabaya zaidi ni ndani ya bomba la mraba. Trela nyingi zimeundwa kwa mabomba hayo, na trela ikiteremshwa majini, maji huingia kupitia matundu ya bolti na nyaya za taa. Yakitoka, chumvi inabaki. Nje unaona rangi safi, ndani kunaoza. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho na utege sikio: chuma kizima hulia, kilichokwisha hutoa sauti ya kopo lililojaa mchanga.

Fundi wa pili tuliyempelekea trela hakushika brashi siku ya kwanza. Alishika mpira wa maji. Aliondoa magurudumu, akatoboa tundu la kutolea maji kwenye kona ya chini ya kila bomba, akaingiza mpira upande wa juu na kuyaacha maji yapite hadi yakatoka meupe. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo, kwa sababu chumvi iliyo kwenye vitako vya mashimo huhitaji muda wa kuyeyuka na kutoka. Katikati ya siku hizo alikwangua magamba ili maji yafike chini. Alitumia maji ya mvua yaliyovunwa kutoka paa. Maji ya mfereji yanafaa vilevile; ya kisima chenye ladha ya chumvi hayafai, kwa sababu utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Kisha akafanya jambo lililonifurahisha sana. Alisugua chuma kikawa cheupe, akakiacha kibandani usiku kucha bila rangi. Asubuhi tulikuta chuma kikiwa na ukungu mwepesi wa rangi ya chungwa, jambo la kawaida penye unyevu, lakini kwenye boriti ya nyuma kulikuwa na vidoa vyeusi vilivyolowa, vidogo kama mbegu za wimbi. "Hapo bado kuna chumvi," akasema, akaurudisha mpira. Asubuhi iliyofuata vidoa vilikuwa vimebaki vitatu.

Baadhi ya mafundi hufupisha kazi kwa kumwaga asidi ya kusafishia choo. Kutu inayeyuka mbele ya macho yako, ni kweli. Lakini nyingi ya asidi hizo ni hidrokloriki, na ndani yake mna kloraidi ileile tunayohangaika kuitoa. Usikubali.

Chuma kikishakuwa safi, ulinzi bora ni ule ambao kila mwenye nyumba hapa anaujua kwa jina la mabati. Bati halidumu kwa sababu ya rangi, linadumu kwa sababu ya zinki. Zinki huachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo penye mkwaruzo zinki hujitoa yenyewe iliwe na chuma kinapona. Trela nzima huweza kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, ikapata koti la mikroni 55 hadi 85 (mikroni elfu moja ni milimita moja) kutegemea unene wa chuma, nje na ndani ya mabomba pia. Rangi haiwezi kufika huko ndani. Anayenunua trela mpya na anajua itaguswa na bahari asiangalie nyingine. Kwa trela ya zamani isiyoweza kuchovywa, rangi yenye unga mwingi wa zinki ipakwe moja kwa moja kwenye chuma kitupu, kisha rangi ya kawaida juu yake.

Ila tahadhari moja kwa mafundi wetu wa kuunganisha vyuma: zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na maumivu ya kifua. Kwangua zinki kwanza pale unapochomea, fanyia kazi nje penye upepo, na usitegemee pakiti ya maziwa, maana maziwa huenda tumboni na moshi huenda kwenye mapafu.

Na ile oili chafu ya injini ambayo watu hupaka chasisi? Kwenye trela ya boti naikataa kabisa. Inashikwa na vumbi, inaoshwa mara ya kwanza trela ikiteremka, na inaelea juu ya maji ambayo watu wa Dunga wanachota na wanavulia samaki wao.

Limebaki jambo la beringi, ambalo huwalaza watu njiani hata wasioijua bahari. Ukivuta trela mwendo mrefu, kitovu cha gurudumu hupata joto na hewa iliyo ndani yake hutanuka. Ukifika tu ukakitumbukiza majini, kinapoa ghafla, hewa inasinyaa, na maji yanafyonzwa kupitia sili, ile raba ya kuzuia maji yasiingie. Yakiwa ya bahari, beringi zinaanza kuota kutu zikiwa ndani ya grisi. Ngoja nusu saa. Gusa kitovu kwa kiganja, na kikiwa baridi ndipo uteremshe. Tumia grisi ya majini, isiyosafishwa na maji, na ukifungua kifuniko ukakuta grisi imekuwa nyeupe kama uji wa mtama uliotiwa maziwa, maji yameshaingia. Toa yote, kausha, weka mpya pamoja na sili mpya.

Kwa wanaoipeleka trela pwani kwa mashindano ya uvuvi au kazi, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo kabla chumvi haijakauka, kuanzia tumboni, na ndani ya mabomba kupitia matundu ya chini. Hata trela ya zinki ioshwe, kwa sababu chumvi huila zinki pia, polepole tu.

Boriti ya nyuma ya mjomba haikupona. Ilikatwa, ikawekwa mpya. Sehemu nyingine zilipakwa rangi ya zinki, na vuli mbili zimepita tangu hapo. Jumamosi iliyopita nilipita chini yake kwa tochi, nikakuta matundu ya kutolea maji yameziba kwa mizizi ya gugumaji. Tukayazibua kwa waya, mjomba ameshika tochi, mimi nimelala kwenye nyasi.