Ndoo Mbili za Kwanza: Ninavyowafundisha Wauzaji wa Samaki wa Mwambani Mombasa

Somo la kwanza ninalowapa wahudumu wa maduka ya samaki wa kufugwa hapa Mombasa huanza na ndoo mbili za maji ya bahari na kipimo kimoja cha chumvi. Ndoo ya kwanza huwa nimeichota katika hori ya Tudor siku chache baada ya mvua kubwa ya masika, wakati mito ya Kombeni na Tsalu inapomwaga maji yake humo. Ya pili huwa nimeichota upande wa Nyali, bahari ikiwa imejaa. Ninawauliza ni ndoo ipi inayofaa kuhifadhia samaki wa mwambani, na karibu wote hunijibu kwamba maji ya bahari ni maji ya bahari. Kisha tunapima, na ndoo ya Tudor husoma chini sana ya ile gramu 35 ya chumvi kwa kila lita ambayo viumbe wa mwambani wameizoea.

Ninaanzia hapo kwa makusudi. Wengi wa wanafunzi wangu ni wazaliwa wa pwani: wanajua bamvua na maji mafu, wanaujua upepo wa kusi na wa kaskazi, na wanaweza kumtofautisha kangaja na kitatange tangu utotoni. Ninauheshimu sana ujuzi huo, lakini nimeona mara nyingi ukimpa mhudumu imani kwamba tangi ni kipande cha bahari kilicholetwa dukani. Bahari ni kubwa kiasi kwamba huyameza makosa. Uchafu wa samaki mmoja hupotea ndani yake pasipo kuacha alama. Tangi la lita 200 halina mahali pa kuupeleka uchafu huo, na kila kosa la mtunzaji hubaki humo humo pamoja na samaki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kujaza maji yaliyopungua. Katika joto letu, tangi la lita 200 lisilofunikwa linaweza kupoteza lita 10 kwa wiki. Kinachoondoka ni maji peke yake, kwa kuwa chumvi haigeuki mvuke. Mteja anayeishi karibu na ufuo huona jambo la kawaida kabisa kuchukua dumu, kuchota lita 10 za bahari na kuzimimina. Kila mara afanyapo hivyo anaongeza gramu 350 za chumvi juu ya ile iliyokuwapo, na baada ya wiki 4 maji yake yamefikia gramu 42 kwa lita bila yeye kubadilisha chochote alichodhani ni muhimu. Kinachotakiwa ni maji matamu yaliyochujwa madini, si ya mfereji yenye klorini wala ya kisima, kwani visima vingi vya hapa kisiwani vina chumvi yake na nitrati yake. Ninamtaka kila mhudumu aipige hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu, maana aliyeipiga mara moja haisahau.

Kuhusu kipimo chenyewe cha chumvi, ninawaonya dhidi ya vile vya plastiki vyenye mshale unaoelea: kipovu kimoja cha hewa kikiung'ang'ania mshale huuinua, na maji huonekana kuwa na chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji, ni bora, mradi irekebishwe kwa kimiminika maalumu cha gramu 35.

Somo linalochukua muda mrefu kuliko mengine ni la amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Samaki huitoa hasa kupitia matamvua yake, na chakula kilichooza huiongeza. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawapo kwa wingi katika tangi jipya. Huota polepole juu ya mawe yenye vitundu na juu ya mchanga, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Ninawafundisha wahudumu kutia amonia kidogo katika tangi lisilo na samaki na kupima kila siku, mpaka ifike siku ambapo amonia waliyoitia jana na nitriti iliyotokana nayo zote zimesoma sifuri. Kabla ya siku hiyo, hakuna samaki anayeuzwa kwa ajili ya tangi hilo.

Amonia ina tabia nyingine ambayo ilinigharimu sana mwanzoni mwa kazi yangu. Nilipokea shehena ya samaki waliokuwa wamesafiri zaidi ya saa 24 katika mifuko ya plastiki. Nikaifungua yote, nikaanza kuwatilia maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili, kama nilivyoelekezwa. Wengi walikufa mbele ya macho yangu, na kwa miezi mingi niliamini kwamba walifika wakiwa wagonjwa. Ukweli ni kwamba ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa pia kaboni dayoksaidi, nayo huishusha pH, yaani huyaongezea maji asidi, kutoka 8.2 hadi karibu na 7, ambapo sehemu kubwa kabisa ya amonia hubaki katika umbo lisilodhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, gesi hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia iliyokusanyika hugeuka kuwa sumu kali ilhali samaki bado yumo ndani yake. Kwa hiyo mfuko wa samaki wa safari ndefu huachwa uelee juu ya maji ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha samaki hutolewa upesi na kutiwa katika tangi la karantini ambalo chumvi yake imelinganishwa mapema na ile ya mfuko. Maji ya mfuko humwagwa. Karantini yenyewe haipungui wiki 4, na dawa za shaba hutumika humo tu, kwa sababu shaba huua matumbawe, kamba na konokono.

Joto ndilo somo la Mombasa hasa. Vitabu vingi vya nchi za baridi husisitiza hita, lakini sisi tatizo letu ni Februari na Machi. Tumbawe huishi na mwani wadogo ndani ya nyama yake, wanaolilisha kwa nguvu ya mwanga, na joto likizidi kiwango lilichozoea kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa, huwatoa na kubaki jeupe. Hivyo ndivyo matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalivyopauka na kufa mwaka 1998. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, ingawa hewa yetu yenye unyevu huipunguzia nguvu, na wakati mwingine hakuna budi kununua mashine ya kupoza. Stima ikikatika hatari huja haraka kuliko watu wanavyodhani: katika nyuzi 25 maji ya bahari hubeba takribani miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita, ilhali maji matamu hubeba takribani 8.2. Pampu ya hewa ya betri lazima iwe karibu.

Ualkali, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, wa 7 hadi 11 kwa kipimo kiitwacho dKH, kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita na magnesiamu ya takribani 1,300 tunavipitia kwa siku moja. Uthabiti wake una uzito kuliko namba kamili.

Jambo nisilolegeza ni mikono. Baadhi ya zoanthidi, jamaa wa matumbawe walio wadogo na wazuri wa rangi, wana sumu iitwayo palitoksini. Mawe yao hayachemshwi wala kusuguliwa kwa maji moto, na glavu na miwani huvaliwa.

Mtihani wa mwisho ninaufanya dukani, mimi nikiwa mteja mwenye pesa mkononi na chupa ya maji ya tangi la wiki tatu, ninayetaka kangaja wa buluu kwa ajili ya mwanangu. Samaki huyo hufikia sentimita 30 na lita zangu 200 hazimtoshi, na maji yangu bado yana nitriti. Mara ya mwisho mhudumu mmoja aliyapima, akanionyesha rangi ya kipimo, akasema, "Mama, huyu atakuwa mkubwa kuliko nyumba yake. Ngoja wiki mbili nyingine, nami nitakuwekea jozi ya samaki wadogo wa anemoni hapa kwetu." Akaandika jina langu kwenye kipande cha tepu, akakibandika kwenye kioo cha tangi lao.