Obama wa Springfield: yanayosemwa na yaliyotokea

"Obama alizuka ghafla mwaka 2004."

Usiku wa Julai 27, 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston, wengi wetu tulimsikia kwa mara ya kwanza. Lakini siku hiyo alikuwa bado seneta wa jimbo la Illinois, kazi aliyoianza Januari 1997. Kwa karibu miaka minane alisafiri kwenda Springfield, makao makuu ya jimbo, familia ikibaki Chicago, huku akifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Sisi Wakenya neno "seneta" hutupoteza, maana tunajua Seneti moja tu, ile ya Nairobi. Marekani kila jimbo lina bunge lake, na Seneti ya Illinois ina viti 59. Seneti ya taifa, kule Washington, aliingia Januari 2005. Wala tusimfananishe na mwakilishi wadi: bunge la jimbo hutunga hata sheria za mauaji na hukumu zake.

"Kiti cha kwanza alikipata kwa ulaini."

Alice Palmer, aliyekuwa na kiti hicho, alikiacha ili awanie ubunge wa Washington. Aliposhindwa akataka kukirudia. Watu wa Obama wakazipinga sahihi za wapiga kura katika fomu za wapinzani wake, na wote wakatoka kwenye kinyang'anyiro, Palmer akiwemo. Mchujo wa 1996 Obama aliingia peke yake. Ilikuwa halali kabisa, lakini haikuwa laini, na anayetaka kumjua mwanasiasa huyu asiiruke sura hiyo.

"Hakupitisha lolote la maana."

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa upande wa wachache, na mswada wa mtu wa upande huo mara nyingi hufia kwenye kamati. Hata hivyo mwaka 1998 alishirikiana na Kirk Dillard wa Republican kupitisha sheria ya kuwabana wanasiasa wanaopokea zawadi.

Januari 2003 Democratic wakaishika Seneti, Emil Jones akawa rais wake, na mambo yakafunguka. Illinois ilikuwa na aibu kubwa: tangu 1977 ilikuwa imewaua kwa sindano watu 12, na kufikia mwaka 2000 wengine 13 waliohukumiwa kufa walikuwa wameachiwa baada ya hukumu zao kubatilishwa. Baadhi walikuwa "wamekiri" wakiwa mikononi mwa polisi. Obama akasukuma sheria ya kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka waliikataa mwanzoni. Akakaa nao kikao baada ya kikao mpaka wakakubaliana. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuyalazimisha hayo kwa sheria ya bunge. Mwaka huohuo ikapita nyingine inayowataka polisi waandike asili ya kimbari ya kila dereva wanayemsimamisha.

"Alikuwa mwoga wa kupiga kura."

Shutuma hii ilivuma kampeni za 2008: kwamba mara 129 hakusema ndiyo wala hapana, alisema "nipo". Kura zake zote zilikaribia 4,000. Tena Illinois mswada haupiti bila kura 30 za ndiyo, kwa hiyo "nipo" huuangusha sawasawa na "hapana". Mara nyingine ilikuwa mbinu iliyopangwa na chama kizima. Zipo chache ambazo bado ni haki kumuuliza, lakini woga si jina lake.

"Hakuwahi kushindwa."

Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwa na kiti hicho, katika mchujo wa ubunge wa Washington. Rush alipata kura takriban maradufu ya zake. Obama akarudi Springfield kwenye kiti kilekile, chama chake kikiwa bado cha wachache, na sheria ile ya mahojiano ikiwa miaka mitatu mbele.