Je, wajua vita vya Wazungu, vile Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilifikaje bandarini Unguja?

Ukichukua boti pale mjini kwenda Chapwani, hutakaa sana baharini. Chini ya miti ya kisiwa kile wamezikwa mabaharia wa Pegasus, manuwari ya Kiingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe, injini ikitengenezwa, haiwezi kwenda popote. Ndipo manuwari ya Kijerumani, Königsberg, ilipoijia na kuimiminia mizinga. Walikufa watu 38.

Wiki 12 kabla ya siku hiyo, kijana wa Kiserbia alikuwa amempiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria mjini Sarajevo, huko Bosnia, Ulaya. Sarajevo wapi na Unguja wapi?

Kwangu mimi, mwanzo mzuri wa jibu ni mkataba uliotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Mjerumani alikubali kutoingilia Unguja na Pemba, visiwa vikawa chini ya himaya ya Muingereza. Mjerumani naye akapewa Heligoland, kisiwa cha mawe katika Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita za mraba 2. Sultani Ali bin Said hayumo kati ya waliotia saini.

Nia ilikuwa kumaliza ugomvi wa kugombea Afrika. Lakini kule Ujerumani wako waliowaka kwa hasira: vipi taifa kubwa liiachie Zanzibar kwa jiwe? Hasira hiyo ikazaa, mwaka 1891, jumuiya iliyokuja kuitwa Alldeutscher Verband, yaani Umoja wa Wajerumani Wote, ikadai makoloni zaidi na jeshi kubwa la majini. Hapo ndipo kuipenda nchi yako kunapoharibika, pale heshima yake inapopimwa kwa ardhi ya wengine.

Kuanzia 1898 Ujerumani ilipitisha sheria za kuunda manuwari nyingi. Uingereza, ambayo maisha yake yote ni bahari, ikaingiwa na hofu. Mwaka 1906 ikazindua Dreadnought, manuwari iliyozifanya zote za zamani zionekane mbovu, na mbio zikazidi. Ikapatana na Ufaransa mwaka 1904, na Urusi mwaka 1907, mahasimu wake wa siku nyingi katika makoloni.

Kwa hiyo risasi ya Sarajevo ilikuta pande mbili zimeshajipanga. Austria, iliyoogopa Waserbia wasije wakaimegua himaya yake, iliishambulia Serbia. Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria. Mjerumani alipopita Ubelgiji kuivamia Ufaransa, mshirika wa Urusi, Muingereza naye akaingia, tarehe 4 Agosti. Na kwa kuwa ng'ambo ya mkondo wetu, bara yote hadi Kigoma ilikuwa ya Mjerumani, vita havikuwa na safari ndefu.

Ile Heligoland nayo ilishajengwa ngome na kujazwa mizinga. Tarehe 28 Agosti 1914 manuwari za Uingereza na Ujerumani zilipigana karibu nayo. Siku 23 baadaye, mizinga ikalia Unguja.