Chingamu haiinui mdomo uliopinda

Juzi kijana wa bodaboda kutoka Kondele, Kisumu, aliingia kliniki huku anatafuna. Wiki sita nyuma alianguka na pikipiki, mfupa unaobeba sikio ukapasuka, na upande wa kushoto wa uso ukalala, yaani ukapooza. Hata sijamjulia hali, mama yake akaniambia kwa fahari, "Daktari, tangu atoke wodi hajaacha chingamu hata siku moja." Nikashusha pumzi: naye aliamini kutafuna kutainua uso uliolala. Alikuwa wa tatu wiki hiyo.

Weka vidole kwenye pembe ya taya, kisha kaza meno. Msuli unaotuna hapo unaendeshwa na neva (mshipa wa fahamu) ya tano kati ya zile zinazotoka ubongoni. Iliyoumia ni ya saba, ile ya kukunja paji, kufumba jicho na kutabasamu. Kijana angeweza kutafuna shamba zima la miwa la Muhoroni na neva ya saba isipate habari. Mezani, kazi ya neva hiyo ni kubana shavu ili chakula kisijikusanye pembeni, na ndiyo maana tonge la ugali linamkwama akalitoa kwa kidole.

Ndugu ya chingamu ni puto la kupuliza kama zoezi. Mgonjwa akipuliza, hewa inatorokea upande uliolala, na upande usioumia unazidi kuvuta. Neva huota upya kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo tunahesabu miezi, na nyuzi nyingine hupotea njia zikaingia msuli usio wake: mtu anatabasamu, jicho linafumba. Sitaki kulisha kosa hilo kwa mazoezi ya nguvu, na mashine ya umeme ya kushtua misuli mimi siweki usoni. Msuli ukianza kuitika, kaa mbele ya kioo, shikilia upande usioumia kwa kidole, sogeza kona ya mdomo kidogo, polepole, mara tano. Inachosha, najua.

Kuna mengine ninayoambiwa kliniki. "Ni stroki (kiharusi)." Mwambie mgonjwa akunje paji. Kwa kawaida stroki hupinda mdomo lakini paji linakunjika. Neva yenyewe ikiumia, paji nalo linalala. Ila mdomo ukipinda ghafla bila ajali, usikae nyumbani kupima paji. Nenda hospitali.

"Kidonda kimeshonwa, basi neva imeshonwa." Ngozi ndiyo imeshonwa! Panga likikata shavu karibu na sikio na uso ukalala papo hapo, daktari wa upasuaji anafaa atafute ncha za neva ndani ya saa 72, maana kwa muda huo kipande cha neva kilicho upande wa uso bado hushtua misuli kikiguswa na umeme, na hupatikana kwa urahisi. Ukiniletea baada ya miezi miwili, sina zoezi la kuunganisha neva iliyokatika.

Tena andikeni uso ulilala lini. Uliolala siku kadhaa baada ya ajali mara nyingi ni uvimbe, na wengi hao hupona vizuri. Uliolala palepale unataka macho ya daktari haraka.

"Miwani ya jua inatosha." Inazuia vumbi, haifumbi kope. Jicho likikauka hupata kidonda. Matone mchana, mafuta ya jicho usiku, kisha plasta kope ikiwa imefungwa kabisa. Pamba juu ya jicho lililo wazi hulikwaruza.

La yule kijana lilikuwa jekundu kama nyanya. Nikamwambia mama yake hela ya chingamu inunue matone.