Breki za gari la zamani: rudisha zilizokuwepo kabla ya kununua kubwa zaidi

Mtu anayeshuka Nyang'oro kutoka Iringa kuja Mtera akiwa na Land Cruiser Prado ya mwaka 1998, abiria saba ndani na magunia mawili ya viazi juu ya keria, anazidai breki zake kazi ambayo hazidaiwi katikati ya Jiji la Dodoma, ambako barabara nyingi ni tambarare. Mji wa Iringa uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali bwawa la Mtera likijaa maji yake hufikia meta 698.5. Kwa gari lenye uzito wa tani 2.2, kila meta 100 za kushuka huachia nishati inayotosha kuchemsha lita 6 za maji ya baridi. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, matairi na injini, lakini dereva akishuka kwa gia kubwa huku mguu ukiwa juu ya pedali muda wote, sehemu kubwa inaishia kama joto kwenye diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na pedi zinazoibana.

Ninaanza na joto kwa sababu wamiliki wengi wanaotufikia kwenye karakana ya mafunzo kuuliza kuhusu breki mpya huanza na ukubwa. Wanataka diski kubwa, kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) zenye pistoni nyingi, au diski zilizotobolewa matundu. Swali la kwanza kwa gari la miaka 20 au 25 linapaswa kuwa tofauti: je, breki zilizofungwa kiwandani bado zinafanya kazi kwa nguvu zake zote? Mara nyingi jibu ni hapana, na mwenye gari hajui, kwa kuwa nguvu hizo zimepungua polepole mwaka hadi mwaka naye akazizoea.

Katika gari lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, kisha likatembea miaka kumi kwenye vumbi la Kongwa, Chemba na Mpwapwa, upungufu huo una sehemu nyingi. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake hukauka na kushika, kwa hiyo pedi ya ndani hulika ikaisha huku ya nje ikiwa bado nene. Pistoni hupata kutu chini ya mpira wake wa vumbi na kurudi kwa shida, gurudumu likabaki limebanwa na kuchemka hata dereva asipokanyaga. Mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu huvimba kwa ndani au hutanuka inapokanyagwa, pedali ikawa laini kama sifongo. Nyuma, kwenye magari yenye ngoma badala ya diski, viatu vya breki (vipande vinavyoisukuma ngoma kutoka ndani) visiporekebishwa hukaa mbali na ngoma, na pedali hushuka sana kabla ya kushika. Ukifunga diski kubwa mbele ya matatizo hayo yote, umenunua chuma kizito kinachosubiri msukumo usiofika.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vifaa vya kuongeza nguvu hulipita haraka. Gari halisimamishwi na breki peke yake. Linasimamishwa na tairi lililoshika barabara. Ikiwa breki zako zinaweza kulifunga gurudumu lisizunguke, au kuuamsha mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, basi kwa mkanyago mmoja wa ghafla breki kubwa hazitafupisha umbali wa kusimama kwa kiasi cha maana. Faida yake huonekana katika kukanyaga mara nyingi mfululizo, kwenye mteremko mrefu au unapovuta tela, kwa sababu chuma kingi huhifadhi joto zaidi kabla ya pedi kuanza kuteleza. Anayeendesha kati ya Area C na mji wa serikali Mtumba kila siku hana hitaji hilo.

Hitaji la kuongeza nguvu huwa la kweli pale gari lenyewe limebadilika. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. Ukiliondoa na kufunga la 285/75R16, kipenyo kinafika 834, na kwa mkanyago uleule nguvu inayofika barabarani inapungua kwa takribani asilimia 7. Ongeza bampa la chuma, keria, tangi la pili la mafuta na spea mbili, na umelibebesha gari mzigo ambao waliolisanifu hawakuukusudia. Magari kadhaa ya aina hii yana pia valvu iliyofungwa karibu na ekseli ya nyuma na kuunganishwa nayo kwa fimbo, ambayo hupima jinsi mwili wa gari ulivyoshuka ili kujua mzigo uliobebwa. Gari likinyanyuliwa kwa springi ndefu bila fimbo hiyo kurekebishwa, valvu huona gari tupu wakati wote na kuinyima nguvu breki ya nyuma. Nimeshaona wenye magari wakilalamikia pedi za mbele zinazoisha upesi, kumbe kosa liko juu ya ekseli ya nyuma.

Sasa tuje kwenye kununua, na tuanze na kitu cha bei ndogo kuliko vyote, yaani mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kupitia mipira, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Madaraja yake huandikwa DOT na namba: DOT 3 mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachoruhusiwa ni 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155, na kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa huwa mvuke, mvuke hubanika kirahisi, na pedali inashuka hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Kwa anayesafiri milimani ninapendekeza DOT 4, yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. DOT 5, isiyo na .1 mbele yake, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Mafuta ya injini au ya usukani yasiingie kamwe kwenye mfumo huu, hata kwa dharura, kwa kuwa huivimbisha mipira yote kuanzia masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) hadi magurudumuni, na gharama ya kuirudisha ni kubwa kuliko ya pedi za miaka mitatu.

Kwenye pedi ndiko udanganyifu ulipo mwingi, na ninawaomba wasomaji wachukue muda dukani. Pedi zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90 huwa na alama ya herufi E na namba ya nchi ndani ya duara, kwa mfano 1 kwa Ujerumani au 11 kwa Uingereza, pamoja na maandishi 90R. Kanuni hiyo inataka utendaji wa pedi usitofautiane na wa zile za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi zinazofuata utaratibu wa Marekani huwa na herufi mbili ubavuni. Ya kwanza inaonyesha msuguano zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa zimechemka sana: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye FE itakuridhisha mjini na kukudhoofikia mteremkoni, kwa hiyo kwa safari za Iringa au Sekenke itazame herufi ya pili kwanza, nayo isiwe chini ya F. Alama zinaweza kughushiwa, ndiyo maana ni lazima pia kuangalia kama nyenzo imeshikana na bati lake bila ufa, kama bati halina kutu, na kama pedi zote nne zina unene na maandishi yaleyale. Kwa matumizi ya mchanganyiko ya Kanda ya Kati, pedi zenye chuma ndani yake hustahimili joto vizuri, ingawa huweza kupiga kelele asubuhi na kula diski kidogo. Za kauri ni tulivu na zina vumbi dogo, zinafaa kwa gari la mjini. Pedi zilizokwisha kutumika zisinunuliwe kabisa.

Nenda dukani na namba ya fremu, kwa mfano inayoanza na KZJ95, kwa sababu gari la jina moja huweza kuwa na kalipa tofauti kulingana na mwaka na injini. Kwenye diski yenyewe, tafuta unene wa mwisho uliochongwa au kuchapwa pembeni au katikati yake. Diski iliyofika hapo, au itakayofika hapo baada ya kukerezwa, inatupwa. Diski zenye mifereji hazina ubaya mkubwa. Zilizotobolewa matundu sizipendekezi kwa gari zito, kwa kuwa nyufa huanzia kwenye matundu.

Pedi na diski hubadilishwa kwa pande zote mbili za ekseli. Usikubali fundi azibe bomba la gurudumu linalovuja ili ufike nyumbani, maana gari litavuta upande mmoja siku utakapokanyaga kwa nguvu. Pini zipakwe grisi maalumu ya breki. Vumbi la pedi kuukuu lifutwe kwa kitambaa chenye maji wala lisipulizwe kwa kompresa, kwani baadhi ya pedi za zamani zina asbesto, ambayo huharibu mapafu.

Baada ya kufunga, tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilometa 60 hadi 15 kwa saa mara kumi hivi kwa mkanyago wa wastani, ukiziacha breki zipoe kidogo kila mara na bila kusimama kabisa zikiwa moto. Kisha endesha kilometa 20, simama, na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu ya ekseli moja yanapaswa kuwa na joto linalofanana. Lililo moto zaidi lina kalipa inayoshika, na linarudi gereji siku hiyohiyo.