Ukilazwa, soketi ya ukutani si yako

Mtu akishapangiwa tarehe ya upasuaji, baada ya kuuliza habari ya chakula hunigeukia: "Sista, nije na laptop? Na tableti je?" Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji Dar es Salaam, na jibu langu huanzia ukutani. Kabla hujachagua kifaa cha kubeba, jiulize kitapata wapi umeme.

Soketi zilizo karibu na vitanda ni chache, na zina wenyewe. Moja ina mashine ya kuzalisha oksijeni. Nyingine tunaiacha wazi kwa makusudi, ili mgonjwa akipaliwa ghafla tuchomeke mashine ya kufyonza makohozi bila kutafuta nafasi. Mashine nyingi za oksijeni za wodini hazina betri. Plagi ikichomolewa, hewa inakatika palepale: mashine inalia, na kile kimpira kidogo ndani ya kipimo kinashuka hadi chini. Nimewahi kukuta hivyo. Ndugu alikuwa amechomeka chaja ya simu kwa nia njema kabisa, huku mgonjwa wa kitanda cha jirani akihangaika kuvuta pumzi. Tangu hapo kila anayelazwa kwetu namwambia: njoo na kitu kinachoweza kukaa siku mbili bila kugusa ukuta.

Kwa kipimo hicho, kitochi kinashinda. Kinakaa na chaji siku kadhaa, kina tochi ya kwendea chooni usiku, na hakimvutii mwizi. Wizi wa simu wodini upo, hasa saa za kuona wagonjwa. Kama lazima uje na simu janja, ongeza pawabanki iliyojazwa nyumbani. Namba ya kwenye boksi isikudanganye: pawabanki ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati volti inabadilishwa. Tegemea mara moja na kidogo. Iliyovimba iache nyumbani, na hata ile nzima usiilaze chini ya mto. Karibu na anayevuta oksijeni ndiyo kabisa usiiweke. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini shuka na nywele zilizojaa oksijeni hushika moto upesi na kuwaka vikali sana.

Simu ya mgonjwa siku hizi ni pochi pia. Kontroo namba ya vipimo inalipwa kwayo, na ndugu wa kuchangia damu wanatafutwa kwayo. Sasa mwenye simu yuko thieta, amelala kwa dawa ya usingizi, simu inafunguka kwa kidole chake tu, na mke wake hana kichwani namba ya shemeji hata mmoja. Hili naliona mara nyingi kuliko simu kuisha chaji, na linaniumiza zaidi kwa sababu linazuilika kwa kalamu. Andika namba za watu wawili watatu kwenye karatasi, utupe tuiweke kwenye faili. Hela ya matibabu ihamishie mapema kwenye simu ya anayekuuguza. Namba ya siri usimpe mtu, hata kama ni ndugu wa damu.

Kuna kifaa kimoja ambacho familia nyingi hukiacha nyumbani "kisije kikapotea", nacho ni shimesikio la mzee, yaani kile kifaa cha sikioni cha kumsaidia kusikia. Naomba mje nalo. Mzee asiyesikia anajibu maswali ya maumivu kwa kutikisa kichwa tu, na daktari mgeni anaweza kudhani amechanganyikiwa. Leteni na betri za akiba, lakini msibandue ile stika ya rangi kabla ya wakati: ikitoka tu, hewa inaingia ndani ya betri nayo inaanza kujimaliza hata kama haijatumika. Mwenye kisukari naye aje na kipimo chake cha sukari, ila insulini atapewa kwa majibu ya kipimo cha wodi, asijichome kimyakimya.

Jagi la umeme, hita ya kuchovya na feni, hapana. Jagi moja linaweza kuvuta wati 1,500 au zaidi, wakati mashine ya oksijeni ya lita 5 hutumia kama wati 350. Likichomekwa kwenye ekstensheni ya wodi, linaweza kukata umeme wa upande mzima. Laptop sijaona mgonjwa wetu aliyeifurahia. Ukiwa na kanula mkononi na mshono tumboni, hata kuishika ni kazi. Hedifoni njoo nazo, ila vaa sikio moja ili utusikie tukikuita.

Saa ya mkononi, janja au ya kawaida, inavuliwa kabla ya thieta pamoja na pete na bangili, maana diathemi anayotumia daktari kuzuia damu hupitisha umeme mwilini, na chuma kwenye ngozi kinaweza kukuunguza. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiweke simu kwenye mfuko wa shati, hasa zile zenye sumaku mgongoni kama iPhone 12 na nyingi zilizofuata. Apple wenyewe wanashauri umbali wa zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 inapochajiwa bila waya.

Kwa wanaopewa rufaa ya India, plagi za kule zina miguu ya duara na zetu zina miguu bapa, kwa hiyo nunueni adapta Kariakoo kabla ya safari. Pawabanki iwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu hairuhusiwi kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.